Pua Iliyozoea

Kutoka Kibabii hadi Webuye si mbali. Unapita Kanduyi, unapita Bukembe, kisha kilima cha Chetambe kinajitokeza mbele. Tangu mwaka 1974, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilipoanza kutengeneza karatasi, abiria mgeni alijua amekaribia Webuye hata kama alikuwa amesinzia, maana harufu ya mayai viza iliingia madirishani. Mgeni aliziba pua. Mwenyeji aliyekaa kando yake alimtazama, akacheka: ni Pan hiyo tu.

Mgeni akishuka, kitu cha pili alichokiona ni mapaa. Mabati ya Webuye yalishika kutu upesi kuliko ya Bungoma au Kimilili. Moshi wenye salfa ukikutana na unyevu hugeuka asidi. Asidi hula zinki iliyopakwa juu ya bati, kisha hula chuma chenyewe. Wakazi walilalamika juu ya mabati yao kwa miaka, na malalamiko hayo hayakuwa siri. Aliyepanda juu ya nyumba kung'oa bati lililotoboka alijua kwa mikono yake kwamba hewa ya hapo inakula chuma. Swali la hewa hiyo inafanya nini kifuani mwa mtu liliulizwa pia, ila kwa sauti ya chini.

Usikimbilie kusema walikuwa waoga. Mji huu zamani uliitwa Broderick Falls, kituo cha reli kando ya maporomoko ya mto Nzoia. Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper ya India na shirika la fedha la Benki ya Dunia, IFC, ndio walioungana kujenga kiwanda hapo. Kikaleta mshahara wa kila mwezi mahali ambapo fedha zilikuja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Mwenye nyumba za kupanga alipata wapangaji. Mama wa sokoni aliuza mboga kwa mkopo akijua mwisho wa mwezi analipwa. Madereva wa malori ya magogo walikula hotelini, fundi cherehani alishona ovaroli, timu ya Pan Paper ilicheza ligi kuu ya soka. Mwaka 1999 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake, Pan Paper ilikuwa miongoni mwa kampuni chache zilizoruhusiwa kuendelea. Kwa mzazi wa Bokoli au Misikhu, kijana kuandikwa Pan kulikuwa sawa na ukoo mzima kuandikwa. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na Webuye uzazi ulikuwapo kila mwisho wa mwezi.

Sasa tuingie ndani ya kiwanda, kwa sababu watu wengi waliokipenda hawakuwahi kuelezwa kinavyofanya kazi. Karatasi ya aina hii huanza kwa kupika mti. Vipande vya mbao hutiwa kwenye chombo kikubwa pamoja na kostiki soda na salfaidi ya sodiamu, vikachemshwa kwa nyuzi 170 hivi hadi ile gundi inayoshikanisha nyuzinyuzi iyeyuke. Hubaki rojo la kahawia, pamoja na maji meusi mazito ambayo huchomwa ndani ya tanuri ili dawa zake zitumike tena. Humo ndimo inamotoka harufu: gesi za salfa, ikiwemo haidrojeni salfaidi. Karatasi ikitakiwa iwe nyeupe, rojo hupaushwa, na kwa miongo mingi viwanda vya karatasi ulimwenguni vilipausha kwa klorini, gesi ile ile iliyofunguliwa dhidi ya wanajeshi vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Maji yanayobaki huishia mtoni. Mto wetu ni Nzoia, ambao hupita katika vijiji vingi hadi Budalang'i kabla ya kumwagika Ziwa Victoria.

Haidrojeni salfaidi ina tabia ambayo kila mtoto wa mji wa kiwanda alistahili kufundishwa shuleni. Ikiwa kidogo mno, chini sana ya sehemu moja katika milioni ya hewa, pua huinasa. Ukiendelea kuivuta, pua huchoka na kuacha kutoa taarifa. Ikipanda hadi sehemu 100 hivi katika milioni, uwezo wa kunusa hupooza kabisa. Mtu hudhani hewa imesafika, kumbe hapo ndipo hatari inapoanza. Ikifika sehemu 700 au zaidi huweza kuua kwa pumzi chache. Viwango hivyo vikubwa ni vya ndani ya matangi na mashimo, si vya sokoni. Lakini ile hatua ya kwanza, ya pua kuchoka, ni ya kila mtu. Mwenyeji aliyemcheka mgeni garini hakuwa anajifanya. Kweli hakunusa kitu.

Chukua kijana aliyeajiriwa idara ya kupausha mwaka 1978. Simsemi mtu fulani. Natunga mfano kutokana na mambo ambayo udaktari wa kazini umeyajua kwa muda mrefu kuhusu viwanda vya karatasi. Siku moja bomba linavuja klorini. Macho yanawaka, anakohoa hadi anatapika, anapelekwa zahanati, anapumzishwa siku mbili, anarudi kazini. Mwaka unaofuata inatokea tena. Baada ya miaka kadhaa kifua kinapiga filimbi usiku. Anaambiwa ni baridi ya zamu ya usiku. Baadaye anaambiwa ni pumu, labda ya ukoo, ingawa kwao hakuna aliyewahi kuwa nayo. Anapimwa kifua kikuu, hakionekani. Katika safari zote hizo hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, swali ambalo daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwahimiza madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1700. Kijana wetu anastaafu akiwa mzee. Ukimwuliza habari za kampuni atakujibu kwamba ilimsomeshea watoto. Na ni kweli, iliwasomesha.

Ukweli huo ndio unaofanya maradhi ya kazini katika miji hii yawe magumu kuliko maradhi mengine. Mficha maradhi, walisema wazee, kilio kitamfichua. Hapa lakini mgonjwa hafichi. Anakohoa mbele ya kila mtu. Kinachofichwa ni chanzo, na wanaokificha ni mji mzima, kwa nia njema kabisa. Ugonjwa nao unawasaidia kuficha, kwa kuwa hauji siku ile. Saratani inayoletwa na vumbi la asbesto, kwa mfano, mara nyingi hujitokeza miaka 20 hadi 40 baada ya mtu kulivuta. Kufikia hapo kazi imekwisha, msimamizi amehama, na mgonjwa amekwisha kuzoea kumshukuru aliyemwajiri.

Januari 2009 mitambo ya Webuye ilizimwa, kampuni ikiwa imelemewa na madeni. Wafanyakazi wapatao 1,500 walibaki nje. Jaribio la kukifufua kiwanda mwaka 2010 halikudumu, na mwaka 2016 mali zake ziliuzwa kwa familia ya Rai kwa shilingi milioni 900. Hewa ikasafika na mji ukanywea. Nyumba za kupanga zikabaki na kufuli, maduka yakapungua, na utasikia hadi leo watu wazima wakisema wanaitamani harufu ile. Siwacheki. Kila uchaguzi ulipofika, wagombea walipanda majukwaani kuahidi kufufua Pan. Sikumbuki aliyeahidi kuwapima vifua wale waliofanya kazi humo. Kiwanda kikifa, vitu vya kwanza kupotea ni karatasi za zahanati, orodha za vibarua, daftari za nani alipangwa idara gani mwaka gani. Mashine hupata mnunuzi. Rekodi hizo hazipati.

Wanaodhani hili ni tatizo la watu maskini wa Afrika wasome habari za Minamata, kusini mwa Japani. Kampuni iliyokuja kuitwa Chisso ilifungua kiwanda chake hapo mwaka 1908, kijiji kikawa mji. Kuanzia 1932 ilitengeneza kemikali ya asetaldehidi kwa kutumia zebaki, na maji machafu yakaelekezwa baharini. Katika miaka ya 1950 paka wa wavuvi walianza kuruka ovyo na kufa. Kisha watu wakaanza kutetemeka, kushindwa kusema, kupofuka. Tarehe 1 Mei 1956 daktari Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kampuni hiyo hiyo, aliripoti kwa idara ya afya kwamba kuna ugonjwa usiojulikana. Majirani waliwakwepa wagonjwa, wakidhani unaambukiza.

Mwaka 1959 Hosokawa alichanganya maji machafu ya kiwanda na chakula cha paka aliyepewa namba 400. Oktoba, paka akaanza kutetemeka kama wale wa wavuvi. Daktari akapeleka habari kwa wakuu wake, na wakuu wakamzuia kuendelea. Akanyamaza. Mwezi uliofuata wavuvi walipodai maji hayo yakomeshwe, ujumbe wa mji ulikwenda kwa gavana wa mkoa kumsihi asiyasimamishe. Katika ujumbe huo walikuwamo meya, madiwani, wafanyabiashara, na chama cha wafanyakazi wa kiwanda chenyewe. Hakuna aliyewalazimisha. Walikuwa wanalinda sahani za watoto wao, na samaki aliyekuwa ndani ya sahani hizo ndiye aliyebeba zebaki. Maji hayo yaliendelea kumwagwa hadi 1968.

Naona watu wakisimulia Minamata huishia kwa kampuni mbaya na serikali iliyozembea. Mimi hunivutia zaidi lililotokea Agosti 1968. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimegawanyika baada ya mgomo mrefu wa mwaka 1962, na wale wa chama cha zamani walikuwa wamekwisha kuonja wenyewe namna kampuni inavyoweza kumgeuka mtu wake. Wakakutana wakapitisha azimio la kuona aibu: walisema hadharani kwamba wao, wafanyakazi wa Chisso, hawakufanya lolote kwa ajili ya wagonjwa wa mji wao. Daktari Hosokawa naye alitoa ushahidi kuhusu paka namba 400 mwaka 1970 akiwa kitandani hospitalini, mgonjwa wa saratani, na hakumaliza mwaka. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliwapa wagonjwa haki yao. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu ile ripoti ya kwanza.

Kwetu Kenya kesi iliyofika mbali zaidi ni ya Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa mwaka 2007 ili kutoa madini ya risasi. Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009 kushughulikia uhusiano wa kampuni na jamii. Mtoto wake aliyekuwa akinyonya aliugua. Walidhania maradhi ya kawaida ya watoto wetu, homa hii na homa ile, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na sumu ya risasi. Omido aliacha kazi, akaanza kuwahamasisha majirani, akakamatwa mwaka 2012 kwa kuandamana. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA, chombo cha kulinda mazingira, kikiwa miongoni mwa waliopatikana na makosa. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo 2023. Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024.

Watu wa Bungoma huniambia: mbona Owino Uhuru walipata na Webuye hawakupata? Sababu ni nyingi, lakini moja husahaulika. Kiwanda cha Mombasa kilikuwa na umri wa miaka michache tu. Hakikuwa kimesomesha kizazi. Hakikuwa na timu ya ligi kuu. Watu hawakuwa wamekipenda bado, na risasi ilionyesha kazi yake katika damu ya watoto waliokuwa hai, ikapimika. Pan ilikuwa mzazi wa watu kwa miaka 35.

Kwa hiyo anayetaka kuamsha watu katika mji wa aina hii asije na kipaza sauti kutangaza kwamba kiwanda kinaua. Webuye wanajua kiwanda kufungwa ni nini. Si jambo la kuwaziwa, waliliona. Atasikika kama mtu anayetaka kuwanyima ugali mara ya pili, na atanyamazishwa na walewale anaotaka kuwaokoa. Aanze na jambo dogo ambalo mtu anaweza kulihakikisha kifuani mwake mwenyewe: je, kikohozi kinatulia unapokuwa likizo? Kinarudi Jumatatu jioni? Mwenye kujibu ndiyo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya daktari, na hajamsaliti mtu yeyote.

Tuje nyumbani kabisa. Kiwanda cha Sukari cha Nzoia kimekuwapo tangu miaka ya 1970, jirani na Bukembe, na mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa mwekezaji binafsi. Katika viwanda vya sukari popote duniani, makapi ya miwa yakirundikwa na kulowa huota ukungu na vijidudu, na vumbi lake likivutwa huweza kuleta ugonjwa wa mapafu unaoitwa bagasosisi. Dalili zake ni homa, baridi, kikohozi na pumzi fupi, saa chache baada ya kuyagusa makapi. Hebu mwambie mtu wa Bungoma ana homa na baridi jioni: atameza dawa ya malaria. Homa itashuka kwa kuwa amelala nyumbani mbali na vumbi, naye ataisifu dawa. Ikijirudia miezi na miaka, mapafu hushika makovu, na makovu ya mapafu hayana dawa. Sidai kwamba wagonjwa hawa wamejaa Nzoia. Nasema kwamba wakiwapo, kwa namna tunavyotibu homa, tutawapita tu bila kuwaona.

Halafu kuna maziwa. Nenda kwa wachomeleaji na wapaka rangi wa magari hapo mjini Bungoma, watakuambia paketi moja ya maziwa kwa siku huondoa sumu. Waajiri wengine huyagawa kwa fahari, na wafanyakazi huyadai kama haki. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huteremka tumboni, na moshi umekwenda mapafuni, njia nyingine kabisa. Mahali penye kifyonza moshi na barakoa inayofaa hapahitaji mjadala wa maziwa. Mimi huona maziwa haya ndiyo picha kamili ya shukrani zetu: mwajiri ametoa, mfanyakazi amepokea, wote wameridhika, na hewa iko vilevile.

Sheria haijakosekana. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha mbili, ya usalama na afya kazini na ya fidia kwa wanaoumia kazini. Ya kwanza inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi, inamkataza mwajiri kumwadhibu aliyelalamika juu ya hatari, na inamtaka daktari anayeshuku ugonjwa wa kazini amjulishe mkurugenzi anayehusika. Ya pili inahesabu ugonjwa ulioletwa na kazi kuwa jambo la kufidiwa, siyo tu mkono uliokatwa na mashine. Tatizo ni kwamba sheria zote mbili husubiri mtu aseme neno moja la kwanza, na neno hilo ni jina la kazi yake. Muuguzi wa Webuye au wa Lugulu akiongeza mstari mmoja katika daftari lake, "Papa, ulifanya kazi wapi, na hasa ulifanya nini?", hajatumia hata senti ya kaunti.

Kuna rekodi moja ambayo Bungoma tunayo bila kujua. Ni vijitabu vya mazishi. Kila mzee anapozikwa, wasifu wake huchapishwa na kusomwa mbele ya umati: alizaliwa wapi, alisoma hadi darasa gani, aliandikwa Pan mwaka huu, akastaafu mwaka ule, na kwenye ukurasa wa mwisho, aliugua kwa muda mrefu, akitibiwa kifua hospitali hii na ile. Kazi na ugonjwa vimeandikwa kwenye kijitabu kimoja, kurasa mbili mbali, na hakuna aliyeviweka pamoja. Vijitabu hivyo haviwezi kuthibitisha kilichomuua mtu. Sigara, moshi wa jikoni na umri vyote vina sehemu yao. Vinaweza kuonyesha idara ipi ianze kuulizwa. Chuo Kikuu cha Kibabii kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila muhula, na vijitabu vimo ndani ya makabati ya mama zao.

Bora zaidi kuliko vijitabu ni wazee wenyewe, wanaokumbuka nani alikuwa wapi siku bomba lilipopasuka. Aliyeandikwa Pan akiwa na miaka 20 mwaka 1974 amepita 70 sasa. Kipimo cha pumzi ni mashine ndogo ya kubebwa mkononi: mzee anapuliza mara tatu, namba inaandikwa kando ya jina lake, idara yake na miaka yake ya kazi. Hilo laweza kufanyika kanisani baada ya ibada, katika chama cha wastaafu, au chini ya mwembe wa mtu yeyote aliye tayari kuwapikia wageni chai.